Nusu Kichwani, Nusu Rafuni

Lebo ya kitabu cha kilimo cha mihogo ilikataa kutoka. Zuwena alikichovya tena kitambaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akakikamua, akakilaza juu ya mgongo wa kitabu, akasubiri. Tangu asubuhi alikuwa ameshajifunza kwamba haraka haisaidii. Ukikwangua kabla karatasi haijalegea, unang'oa na ngozi ya kitabu. Ukingoja, lebo inaachia yenyewe, inateleza juu ya kisu butu, unaikung'utia ndani ya beseni na kuchukua kitabu kingine.

Lebo zilikuwa za mikono miwili. Za zamani zilibandikwa na marehemu Mzee Harub, aliyeitunza maktaba kabla yake, kwa gundi aliyoipika mwenyewe nyumbani, unga wa ngano na maji. Hizo zilitoka bila ubishi, zikiacha ungaunga mweupe. Za baadaye alizibandika Zuwena kwa gundi ya chupa, na hizo ndizo zilizomtesa. Ziliacha utando unaonata, unaong'aa kama njia ya konokono. Wino lakini ulikuwa mmoja, kwa sababu Zuwena alirithi kalamu ya mzee pamoja na kichupa chake, na sasa maji ya beseni yalikuwa yamegeuka buluu.

Kazi yenyewe aliagizwa na Hisham, mjukuu wa mwenye wakfu. Babu yake huyo, mfanyabiashara mwenye asili ya Oman, ndiye aliyetoa vyumba viwili vya mbele vya nyumba yake hapa Mabawa viwe maktaba, akaweka na vitabu vyake, na sharti moja: vitabu vya wakfu visitiwe wino ndani, hata nukta. Ndiyo maana namba ya kitabu ilikaa mgongoni tu, kwenye lebo. Daftari la vitabu lilikuwapo zamani, lakini masika moja paa lilivuja na kurasa zikagandana zikawa tofali.

Sasa Hisham alikuwa ameleta kompyuta. Zilikuwa chumba cha pili, zingali ndani ya maboksi, zimepangwa hadi dirishani. Jumamosi wageni wangekuja kufungua chumba cha kompyuta, na kabla ya hapo kila kitabu kilitakiwa kiwe na lebo mpya, ile ya mistari inayosomwa na mashine, na vyote vipangwe upya kwa masomo yake. Kilimo na kilimo, dini na dini. Zuwena hakuona ubaya. Kwa miaka mingi maktaba ilikuwa na kompyuta moja tu, kongwe, inayovuma kama pangaboi, na watu walikaa foleni barazani wakisubiri kuitumia.

Alikuwa ameshamaliza rafu ya dirishani yote na kuanza ya mlangoni. Vitabu alivyokwisha kuvisafisha alivitia kwenye makasha bila kujali kipi kilitangulia kipi, kwani mpangilio wa zamani ulikuwa unakufa.

Binti mmoja alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Alikuwa Bayan, binti wa Sabiha wa mtaa wa nyuma, aliyemaliza kidato cha nne na kushinda hapa karibu kila siku mwaka mzima uliopita. Alitoa shikamoo akaitikiwa marahaba, akaulizwa hali ya mama yake, akasema hajambo. Hakukaa. Macho yake yalikuwa kwenye rafu tupu ya dirishani.

"Bi Zuwena," alisema, "nimekuja kutazama kitabu changu."

Mkono wa Zuwena ulisimama juu ya kitambaa.

Hakuhitaji kuuliza kitabu gani wala kutazama nini. Alielewa mara moja.

Mambo yalianza zamani kidogo, watu walipoanza kuja maktaba kufungua akaunti. Kila kitu kilikuwa kimehamia huko: maombi ya vyuo, ajira, vyeti vya kuzaliwa, barua za jamaa walioko Arabuni. Zuwena aliwafungulia, na baada ya wiki walirudi wamesahau neno la siri. Wengine waliliandika kiganjani likaoga nao. Wengine waliliandika ukutani, na kila aliyepita akalisoma. Kulikuwa na mama aliyemwachia mpwa wake amtunzie, mpwa akamtunzia mpaka kila kitu kikaisha. Wengi walitaka kumwachia yeye Zuwena, kama watu wanavyomwachia mtu mwaminifu dhahabu wakisafiri. Hilo alilikataa. Siri za mtaa mzima hazikai kwa mtu mmoja, alisema. Mtu huugua, mtu hufa.

Akafikiri kwa muda mrefu, akapata njia. Kila mtu achague neno lake alijualo yeye peke yake. Kisha atembee kwenye rafu, achague kitabu kimoja, asimwambie yeyote, na namba iliyoko mgongoni aiunge kwenye lile neno. Akisahau namba, aje akitazame kitabu chake. Atakayemwona akikitazama hatajua neno, na atakayelijua neno hatajua kitabu. Nusu kichwani, nusu rafuni, ndivyo alivyowafundisha, na watu waliupenda mchezo huo. Walikuja, wakapita mbele ya rafu kama wanaotafuta kitu kingine, wakatupa jicho, wakaenda kompyutani.

Na leo, tangu asubuhi, yeye mwenyewe, kwa kitambaa na kisu, alikuwa akizivua nusu hizo na kuzitia katika beseni.

Hakuwahi kulifikiria. Alifikiria ngozi za vitabu, alifikiria nondo, alifikiria wageni wa Jumamosi. Hilo hakulifikiria hata kidogo.

Alimwambia Bayan akae, akamwuliza anataka kuingia kwa ajili gani na lini. Binti alieleza kwa sauti inayojitahidi kuwa tulivu. Alipata nafasi chuo cha uuguzi. Majina yalitoka, jina lake limo. Lakini aliyepata nafasi anatakiwa aingie kwenye akaunti yake na kuthibitisha, na mwisho wa kuthibitisha ni leo. Asiyethibitisha, nafasi yake anapewa anayefuata. Kwa miezi yote tangu aombe, simu yake ilikuwa imelikumbuka neno la siri kwa niaba yake. Alikuwa akigusa tu na kuingia. Kisha juzi alikwenda Pangani kumsalimia bibi yake ng'ambo ya mto, na kwenye kivuko, alipoinama kumshika mtoto wa watu aliyekuwa akiyumba, simu ikamtoka kifuani ikaenda majini.

Zuwena aliuliza habari ya laini. Mtu akisahau neno la siri, mtambo humtumia namba za uthibitisho kwenye simu. Kama laini ingerudishwa, mambo yangekwisha. Bayan alitikisa kichwa. Laini ilisajiliwa kwa jina la kaka yake Mudathir, kwa alama za vidole vyake, na Mudathir ni utingo wa lori; jana alikuwa Horohoro mpakani, leo amevuka, na hapatikani. Bila vidole vyake hakuna laini.

"Umeshajaribu kuingia?"

Bayan aliinamisha uso. Alijaribu steshenari ya karibu na kwao, asubuhi hii hii, kwa namba alizodhani ndizo. Neno lake analikumbuka vizuri. Namba ndiyo iliyopotea; anajua tu ilianza na nne. Alibahatisha, akabahatisha tena, mpaka mtambo ukamwonya kwamba limebaki jaribio moja, na likikosewa akaunti itafungwa hadi keshokutwa.

"Nikasema ya nini nibahatishe," alisema, "na kitabu changu kipo."

Zuwena aliinuka. Aliona bora atende kuliko kusema. Alimwuliza kitabu chenyewe, na hapo Bayan akasita, kwa kuwa alikuwa amefundishwa na huyu huyu kwamba kitabu chako hata mumeo asikijue. Zuwena akamwambia leo aseme. Kilikuwa cha ufugaji wa kuku, jalada la kijani.

Walikitafuta kwenye makasha, wamepiga magoti sakafuni wote wawili. Kilikuwa chini, kimelaliwa na vitabu vya fikihi. Mgongo wake ulikuwa safi. Zuwena alipenda kazi safi, na mgongo huu ulifutwa vizuri mno; palipokuwa na lebo pamebaki pembe nne hafifu, pa rangi iliyoiva zaidi, na ndani yake hamna kitu.

Bayan alipagusa pale kwa kidole. Zuwena alitamani aseme, hata alaumu.

Alikwenda kwenye beseni, akachota mikono miwili ya karatasi zilizolowa, akazitandaza juu ya gazeti. Zilikuwa nyeupe zote. Mahali pengine palibaki kivuli cha mkia wa namba, labda sita, labda sifuri. Alizigeuza moja moja kwa ncha ya kisu, kwa mpangilio, safu ya kwanza, safu ya pili, huku akijua kwamba hatapata kitu na kwamba anafanya hivyo ili asimtazame yule binti. Nyingine zilikuwa za watu wengine. Hakujua akina nani. Aliwafundisha vizuri mno kuficha.

"Pembeni mwake palikuwa na kitabu gani?" aliuliza hatimaye.

Bayan alifikiri. Palikuwa na cha mbuzi. Alikumbuka kwa sababu kila alipokuja kutazama chake, mara nyingi alimkuta Mzee Shehe amekishika kile cha mbuzi, naye ilimbidi ajifanye anatafuta kingine mpaka mzee amalize.

Zuwena alikaa kitako. Mzee Shehe alikuwa mshona kofia. Wateja wake wengine walikuwa Maskati, wakimtumia vipimo vya vichwa na picha za nakshi kwenye barua pepe, na kila siku baada ya sala ya adhuhuri alikuja kusoma. Mifugo hana, hajawahi kuwa nayo, na mbuzi anamjua kwenye sinia la pilau tu. Kama kile kilikuwa kitabu chake cha siri, na kama namba yake bado anaikumbuka, basi namba ya Bayan ipo jirani yake.

Walimsubiri. Katika kusubiri simu ya Zuwena iliita. Alikuwa Hisham, akiuliza kazi imefika wapi. Zuwena alimwambia ameisimamisha. Alieleza sababu polepole, mara mbili, kwani mara ya kwanza Hisham hakuelewa lebo zinahusiana vipi na maneno ya siri. Alipoelewa alisema kadi za wageni zimeshatoka, na mtu hawezi kualika watu waje kutazama rafu tupu. Atakuja kesho asubuhi wazungumze. Hakukaripia. Zuwena aliona afadhali angekaripia.

Mzee Shehe aliingia na kikoba chake cha nyuzi, akasalimiwa, akaitikia, akaona makasha. Aliambiwa habari yote, kuanzia kivuko cha Pangani. Alimgeukia Bayan.

"Sasa wewe simu umewapa samaki. Wao watampigia nani?"

Bayan alicheka kidogo bila kutaka, na ile ilikuwa mara ya kwanza uso wake kulegea tangu aingie. Lakini Zuwena alipofika kwenye ombi lenyewe, mzee aliacha mzaha. Aliuliza kama amesikia sawasawa. Ni yeye Zuwena aliyemkalisha kwenye kiti hiki akamwapisha kwamba asiseme kitabu, asiseme namba, asiandike popote. Leo yeye huyo huyo anamwomba aseme, tena mbele ya watu.

"Sikuombi neno lako, Mzee," Zuwena alisema. "Neno libaki kwako. Naomba namba tu, na kesho tutaibadilisha."

"Na leo usiku mtu akiniingilia?"

Zuwena alisema hilo haliwezekani bila neno, lakini kwamba asijisikie kulazimishwa. Akikataa, ana haki. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyoamini.

Mzee Shehe alikaa na mikono juu ya magoti. Nje mtu alipita akitangaza ndizi. Bayan alikitazama kitabu cha kuku mapajani mwake na hakumtazama mzee, na pengine hiyo ndiyo iliyomshinda, kwamba hakuombwa kwa macho. Alipeleka mikono kichwani, akavua kofia yake.

Hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi. Alikuwa na kipara chenye kovu. Aliigeuza kofia ndani nje, akaisogeza karibu na macho, akaanza kuhesabu kwa ukucha vijinundu vya uzi vilivyoshonwa kwenye ukanda wa ndani, mahali ambapo nakshi haikuhitajika.

"Mzee," Zuwena alisema taratibu, "nilisema usiandike."

"Sikuandika. Nimeshona." Alihesabu tena. "Nne. Halafu moja. Halafu mbili."

Alirudisha kofia kichwani na kuiweka sawa kwa viganja vyote viwili.

Mia nne kumi na mbili. Ilianza na nne. Bayan alishika kingo za kitabu.

Sasa palibaki swali la upande, na hapo ndipo Zuwena alipopunguza mwendo zaidi, ingawa Bayan alikuwa ameshaanza kuinuka kuelekea kompyutani. Waliulizwa wote wawili, kila mmoja peke yake, kitabu cha kuku kilikaa upande gani wa kile cha mbuzi. Wote walisema kushoto. Mbuzi kulia, kuku kushoto. Bayan akasema basi imekwisha. Kilichoko kushoto hutangulia, kwa hiyo namba yake ni mia nne kumi na moja.

"Ngoja," Zuwena alisema.

Aliwaeleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza msomaji yeyote kwa sababu halikuwahi kumhusu msomaji. Mzee Harub alikulia kwenye vitabu vya Kiarabu, na rafu alizihesabu kama alivyosoma, kutoka kulia kwenda kushoto. Yeye Zuwena alipoachiwa kazi alihesabu kama alivyofundishwa shuleni, kushoto kwenda kulia. Kama lebo hizi mbili zilikuwa za mkono wake yeye, basi Bayan yuko sahihi, ni kumi na moja. Lakini kama zilikuwa za Mzee Harub, mambo yanageuka: kilichoko kushoto ndicho kinachofuata, nayo ni kumi na tatu.

"Na rafu ya dirishani ilikuwa ya nani?" Bayan aliuliza.

Hiyo ndiyo taabu. Rafu ya dirishani ilikuwa ya wote wawili. Safu za juu alizimaliza Mzee Harub kabla ya kuugua, na za chini alizijaza Zuwena. Bayan alikumbuka kitabu kilikuwa juu, usawa wa kifua. Mzee Shehe alisema yeye hukitwaa akiwa ameketi, kwa hiyo kilikuwa chini. Walibishana kidogo. Kisha mzee akakiri kwamba mara nyingine alikikuta kwenye kizingiti cha dirisha, mahali alipokiacha jana, na hata yeye hana hakika kilikuwa kikitoka wapi.

Jaribio lilikuwa moja. Zuwena alimwona Bayan akiligeuza hilo kichwani, midomo ikitembea bila sauti, kumi na moja, kumi na tatu. Jua lilikuwa limeshavuka ukingo wa baraza. Mtandao wa maktaba ulikuwa na tabia ya kuchoka kuelekea jioni, mtaa mzima unaporudi nyumbani.

Zuwena alikichukua kitabu cha kuku akaenda nacho mlangoni kwenye mwanga. Alikuwa anatafuta gundi. Kama lebo ilikuwa yake, pangebaki utando. Hakuna siku aliyofaulu kuuondoa wote. Alipitisha ukucha juu ya zile pembe nne. Hapakunata. Lakini kutonata peke yake si ushahidi; huenda kwa mara moja alisugua kuliko siku zote. Alikifungua kitabu kidogo ili mgongo upinde, na kwenye mfereji mwembamba ambapo jalada hukutana na mgongo, mahali kitambaa hakifiki, aliona chembe nyeupe.

Alilowesha ncha ya kidole kwa mate, akaigusa. Ilikaa kidoleni. Aliisugua kwa kidole gumba. Ikalainika ikawa ute mweupe, kama uji, na haikunata.

Alikaa na kidole hicho mbele ya uso wake. Alimkumbuka Mzee Harub akija asubuhi na kikombe cha gundi yake kilichofunikwa sahani, akikibeba kwa mikono miwili kama anapeleka futari kwa jirani.

Alikichukua na kitabu cha mbuzi, akakikagua vivyo hivyo, mgongo, mfereji, kingo. Hapakuwa na kitu. Kimefutwa, kimekauka, hakisemi lolote.

Aliwarudia. "Cha kuku kina unga," alisema. "Nadhani ni cha Mzee Harub. Cha mbuzi sijapata kitu."

"Shahidi mmoja," alisema Mzee Shehe. "Shahidi mmoja hafungishi ndoa."

"Hafungishi," Zuwena alikubali.

Alimwambia Bayan ukweli wote kama ulivyokuwa. Yeye anaamini ni kumi na tatu. Lakini mtu angeweza kuhamisha kimoja, na kitabu chenye lebo ya Mzee Harub kikakaa jirani na chenye lebo yake Zuwena; watu hurudisha vitabu ovyo, na si kila siku alikuwa na nafasi ya kupanga. Na kama Mudathir atapatikana leo, ingawa hajui kwa njia gani, lingekuwa jambo la hakika zaidi. Jaribio ni la Bayan, na uamuzi ni wake.

Bayan alimpigia Mudathir kwa simu ya Zuwena. Sauti ya mwanamke ikasema mteja hapatikani kwa sasa. Alipiga tena, akasikiliza yale yale mpaka mwisho, kama mtu anayengoja sauti hiyo ibadilishe mawazo.

Kisha akaenda kompyutani.

Ilichukua muda kuwaka. Zuwena alisimama nyuma ya kiti kisha akajikumbusha, akageuka, akatazama ukuta. Mzee Shehe naye akageuza uso, akatazama, kupitia mlango wa chumba cha pili, maboksi ya kompyuta mpya kana kwamba yana jambo la kusomwa. Walisikia vidole vya Bayan juu ya vitufe, polepole, herufi baada ya herufi. Kisha vikasimama.

"Bi Zuwena. Nikikosea?"

Zuwena alitafuta neno la kumtuliza, lakini yote aliyoyapata hayakuwa na ukweli. "Ukikosea tutatafuta njia nyingine," alisema, "na mimi ndiye nitakayekwenda kwa mama yako kumweleza ni kwa sababu ya nani."

Kitufe kikabonyezwa.

Kwenye kioo kiduara kilianza kuzunguka. Kilizunguka. Mzee Shehe alisema chini kwa chini mtandao huu ungekuwa punda angeshaupiga. Hakuna aliyecheka. Zuwena alitazama ukuta, mahali rangi ilipobanduka kwa chumvi, na akagundua kwamba anahesabu, kulia kwenda kushoto, mabaka ya ukuta.

"Imefunguka," alisema Bayan.

Alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba Zuwena hakugeuka mara moja. Alipogeuka, jina la binti lilikuwa kwenye kioo, na chini yake jina la chuo, na kitufe cha kuthibitisha. Bayan alikibonyeza. Kiduara kikazunguka tena, kikasimama, ukurasa mwingine ukaja. Ulisema ombi la uthibitisho limepokelewa na kwamba hali yake itaonekana baada ya kuhakikiwa.

Waliusoma wote watatu. Bayan aliuliza maana yake ni imekubaliwa au haijakubaliwa. Zuwena aliusoma tena, neno kwa neno, akasema maana yake imepokelewa. Zaidi ya hapo ukurasa haukusema, naye hakutaka kusema zaidi ya ukurasa.

"Nitajua lini?"

"Kesho uje tutazame."

Kabla hajaondoka Zuwena alimtaka abadilishe neno la siri hapo hapo, na kuweka lingine lote la kichwani, lisilo na rafu ndani yake. Bayan alikaa muda mrefu akilitafuta. Alipolipata aliliandika, akafunga macho, akalirudia kimoyomoyo, midomo imebana. Aliaga, akashukuru, akafika barazani akarudi kuulizia kesho watafungua saa ngapi, ingawa alijua.

Mzee Shehe alisoma barua zake za Maskati, akanakili vipimo vya vichwa viwili, akafunga kikoba. Mlangoni alisita.

"Na mie kesho nibadilishe?"

"Lazima, Mzee. Nimeshaijua namba yako."

"Basi nifumue." Aligusa ukingo wa kofia. "Na hilo jipya nikilisahau?"

Zuwena alisema watalifikiria pamoja. Ndilo alilolisema, na mzee akaondoka nalo, asionekane ametosheka.

Akabaki peke yake. Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Alitaka kuyamwaga, akaona karatasi nyeupe zingali zinaelea, akaliacha beseni lilivyo na kulifunika kwa sahani. Alitazama rafu ya mlangoni, iliyokuwa bado nusu, lebo za chini hazijaguswa. Hizo angezinakili kesho kabla Hisham hajafika, namba na jina la kitabu, zote, na baada ya hapo atajua la kumwambia, au hatajua. Kuhusu zilizokwisha kuvuliwa hakuna la kunakili. Wenyewe watakuja mmoja mmoja, leo huyu, mwezi ujao yule, wakipita mbele ya rafu kama wanaotafuta kitu kingine, naye itabidi amsimamishe kila mmoja amwulize kitabu chako kilikaa jirani na kipi.

Alikichukua kitabu cha mbuzi na kitabu cha kuku akavipeleka kwenye rafu ya dirishani. Alivisimamisha safu ya juu, mbuzi kulia, kuku kushoto. Alikata vipande viwili vya karatasi, akaandika namba kwa penseli, akavichomeka chini yake bila gundi. Vitabu vilianguka, kwa kuwa havikuwa na wenzake wa kuvishikilia. Aliviegemeza kwa tofali lililokuwa likizuia mlango, akapima kwa macho nafasi tupu iliyobaki huku na huku, akachukua ufunguo.

Bila tofali mlango ulikuwa ukijifunga wenyewe. Aliushika kwa mguu mpaka akatoka.